Mahandaki ya Uchagani

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni historia.

Huko Marangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, watalii hulipa kiingilio ili washuke chini ya ardhi. Mimi nami nilishuka. Njia ni nyembamba. Mtu huinama, pengine hutambaa. Mbele kuna vyumba: hapa walijificha watu, pale walifungwa ng'ombe. Yako pia matundu ya kupitisha hewa.

Nani aliyachimba? Wachaga wenyewe, kwa mikono yao. Katika karne ya 19 mlima ule haukuwa na serikali moja. Kila nchi ilikuwa na Mangi wake. Wamangi walishindania ng'ombe na biashara ya misafara ya pwani. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wakubwa. Wamasai nao walikuja kuteka ng'ombe.

Udongo ulichukuliwa usiku ukatupwa mtoni, ili rundo lisimwonyeshe adui maficho. Mlinzi alikaa gizani na silaha yake. Adui alilazimika kuingia mmoja mmoja, kichwa mbele. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwazuia wengi.

Tulipokuwa ndani, watalii walicheka kila mmoja alipogonga kichwa. Mimi nilimfikiria mama aliyemziba mtoto mdomo asilie. Tena adui aliyemwogopa mara nyingi alikuwa jirani yake wa mlima ule ule.

Vita hivyo vilikoma baada ya Wajerumani kumshinda Sina mwaka 1891, na Moshi mwaka 1893. Lakini amani ya mgeni haikuja bure. Mwaka 1900 walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na wakuu wengine.

Nasi Mbozi je? Wanyiha wa zamani walizungushia vijiji vyao maboma ya miti kwa kuogopa wavamizi. Handaki hudumu, bali mti huoza. Ushahidi wetu umo vinywani mwa wazee. Ninyi sasa mnajua kuandika: waulizeni, mkaandike.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini udongo ulitupwa usiku?
2. Wamangi walishindania nini?
3. Mzee gani kijijini kwako anakumbuka habari za maboma?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.