Stelingi Hafi: Historia ya Tamthilia Zisizojua Kuisha

Pamela Ewing anaamka asubuhi baada ya usiku wa harusi yake. Anasikia maji yanamwagika bafuni, anakwenda, anafungua mlango. Ndani kuna mwanamume anaoga, mgongo kaupa mlango. Anageuka na kumsalimia Pam kwa tabasamu la mtu aliyelala humo humo ndani usiku kucha. Si bwana harusi. Ni Bobby, mtalaka wake, ambaye watazamaji walishamlilia na kumzika mwaka mzima nyuma.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Mei 1986, na tamthilia yenyewe ni Dallas ya kituo cha CBS, Marekani. Watu walibaki miezi minne wakibishana. Ni pacha? Ni tapeli aliyebadilishwa sura kwa upasuaji? Jibu likaja Septemba 26: Bobby hakufa. Pam alikuwa anaota.

Sehemu 31, msimu mzima, zikafutwa kwa usingizi wa mwanamke mmoja. Ukipiga hesabu za kilichofutwa, kicheko hakizuiliki. Bomu lililolipua ofisi ya J.R., kaka yake Bobby, halikulipuka. Ulaghai wote alioufanya J.R. msimu ule ukayeyuka, ikabidi aanze ulaghai upya. Aliyeonewa kuliko wote ni bwana harusi, Mark Graison. Huyu alidhaniwa kafa katika ajali ya ndege miaka ya nyuma, akafufuka ndani ya msimu ule wa ndoto, akamwoa Pam. Bobby alipofufuka, Mark akarudishwa kaburini. Nafasi ya kufufuka ilikuwa moja tu, nayo ilikwenda kwa stelingi.

Sababu ya maajabu haya ilikuwa ya kawaida kabisa. Patrick Duffy, aliyeigiza Bobby, alitaka kuondoka mwaka 1985, kwa hiyo mhusika wake akagongwa na gari. Watazamaji wakapungua. Larry Hagman, yaani J.R. mwenyewe, akamwomba rafiki yake arudi. Ila maiti tayari ilikuwa imeonekana kitandani hospitalini, ndugu wamezunguka wanalia. Waandishi wakachagua njia ya mkato kuliko zote. Ili siri isivuje, Duffy alirekodiwa akioga mbali na wenzake, na wapiga picha wakaambiwa kwamba wanatengeneza tangazo la sabuni.

Kisingizio hicho kilikuwa na ukweli kuliko waliokitunga walivyojua, maana tamthilia za mfululizo zililelewa na sabuni. Mwaka 1930, redioni Chicago, Irna Phillips alianza kuandika Painted Dreams, hadithi ya kila siku iliyowalenga akina mama waliokuwa nyumbani mchana. Wenye viwanda wakaona fursa. Mama anayesubiri kujua kama binti wa fulani ataolewa, atasikia pia habari za sabuni ya kufulia. Procter & Gamble wakaingia kwa miguu yote miwili. Hadithi nyingine ya Phillips, Guiding Light, ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia kwenye televisheni mwaka 1952, ikazimwa Septemba 2009. Miaka 72! Sasa muuza sabuni hataki binti aolewe leo. Akiolewa, basi aachike. Akiachika, apoteze kumbukumbu. Mwisho haukuwamo kwenye mkataba.

Hata tamthilia za usiku, zenye bajeti nono, kwa miaka mingi hazikuwa na desturi ya kuaga. Watazamaji wakipungua, zinakatwa, na mhusika anaachwa alipo. Wenye mali walihofia kwamba hadithi iliyokwisha haitauzika tena kwa marudio. The Fugitive ndiyo iliyovunja mwiko huo. Daktari Richard Kimble alikimbizwa na polisi kwa miaka minne kwa mauaji ya mkewe, huku naye akimsaka muuaji halisi, mtu mwenye mkono mmoja. Agosti 29, 1967 akampata. Watazamaji takriban milioni 78 walikuwa wanaangalia, na ndipo ilipobainika kwamba watu wanalipenda jambo likiisha. Mwaka 1983 M*A*S*H ikakusanya zaidi ya milioni 100 kwa kuaga kwake. Hiyo ilihusu Vita vya Korea, vilivyopiganwa miaka mitatu. Tamthilia ilivipigana miaka kumi na moja.

Dallas walilisoma soko kwa namna yao: badala ya kumaliza, ning'iniza. Machi 21, 1980 mtu asiyeonekana akampiga J.R. risasi mbili, msimu ukafungwa. Kisha waigizaji wa Marekani wakagoma, na jibu likachelewa hadi Novemba 21. Kwa miezi minane watu walivaa fulana zenye swali la nani kampiga, na kwenye kampeni za urais za mwaka ule zilionekana beji za chama cha Republican zikidai kuwa aliyempiga J.R. ni mtu wa Democrat. Kwa taarifa ya wapiga kura, alikuwa Kristin, shemeji yake J.R., na haikujulikana alipigia chama gani.

Vichekesho vilikuwa vinaandikwa tayari. London, Clive James, Mwaustralia aliyeandikia gazeti la Observer safu ya televisheni kuanzia mwaka 1972 hadi 1982, aliichambua Dallas kwa umakini wa mhakiki na ulimi wa mtani. Terry Wogan, katika kipindi chake cha asubuhi cha BBC Radio 2, aliwasimulia wasikilizaji ujinga wa ukoo wa Ewing na kumbandika binti wa ukoo, Lucy, jina la kejeli, Mbilikimo wa Sumu. Hakuna kati yao aliyeacha kuangalia. Mzaha wa aina hii unahitaji mtu asiyekosa hata sehemu moja, maana anayeangalia mara mojamoja hawezi kujua kwamba Mark Graison amekufa mara mbili.

Utani ukifika mbali, unaonyesha nyufa ambazo mwandishi hakuziona. Dallas ilikuwa na tamthilia dada, Knots Landing, ambamo aliishi Gary, ndugu yake Bobby. Bobby alipofariki, huko nako walilia, na Valene, mtalaka wa Gary, akampa mwanawe wa kiume jina la marehemu. Pam alipoamka, ndoto ikafutwa Texas, lakini Knots Landing hawakufuta chochote. Tangu hapo kila tamthilia ikashika njia yake. Upande mmoja Bobby anaoga, upande wa pili kuna mtoto kapewa jina lake la ukumbusho.

Dawa ya ndoto ikaambukiza. Mwaka 1988 St. Elsewhere, ya hospitali moja ya Boston, ilijifunga kwa kudokeza kwamba madaktari wote wa misimu sita walikuwa mawazo ya mtoto anayetazama tufe la kioo lenye theluji ndani. Miaka miwili baadaye Newhart ikaigeuza dawa kuwa mzaha wa makusudi. Bob Newhart anaamka kitandani kando ya mke wa tamthilia yake ya zamani, iliyokwisha mwaka 1978, na kumsimulia ndoto ya ajabu aliyoota, yaani miaka minane ya tamthilia hii mpya. Kwangu mimi huo ndio mwisho bora kuliko yote, kwa sababu umemkubali mtazamaji kuwa mwenzake katika utani.

Kwetu utani huu una mafundi wake. J.R. alipopigwa risasi, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Vilianza miaka ya 1990. Lakini kwenye vibanda umiza, mfasiri kama Lufufu wa Dar es Salaam, au DJ Afro kule Kenya, hakungoja picha iishe ndipo aseme neno. Alimsema mhusika hapo hapo, juu ya sauti yake, na kumpa adui maneno ambayo Hollywood haikuyaota. TBC nao mwaka 2011 walirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina yenye sauti za Kiswahili. Ilikuwa na sehemu 36, ikaisha kwenye ya 36, hakuna aliyeota. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013, heshima ambayo J.R. hakuwahi kuipata.

Dallas yenyewe ilizikwa mara tatu. Mwaka 1991 J.R. alishika bastola, mlio ukasikika, Bobby akaingia na kushtuka, pazia likafungwa. Ikabidi filamu ya mwaka 1996 ieleze kwamba risasi iliingia kwenye kioo. Mwaka 2012 kituo cha TNT kikaifufua na kizazi kipya. Hagman akafariki Novemba mwaka huo huo, waandishi wakauliza tena nani kamuua J.R., na safari hii jibu likawa kwamba J.R. aliipanga risasi hiyo mwenyewe. Septemba 22, 2014 msimu ukafungwa kwa gari la Christopher, mtoto wa kulea wa Bobby, kulipuka kwa bomu. Siku 11 baadaye TNT wakatangaza kwamba hakutakuwa na msimu mwingine. Mashabiki walifanya kampeni kitafutwe kituo kingine cha kuipokea, hakikupatikana. Msimamo wangu ni kwamba Christopher alikuwa bado hajapanda.