Gunia chini ya mashine ya kusaga

Ukipeleka mahindi au makopa mashineni, unga huangukia kwenye gunia lililofungwa chini ya pipa la bati lililochongoka. Wengi hudhani gunia hilo ni la kupokea unga tu.

Pipa hilo huitwa saikloni. John Finch wa Marekani alilipatia hataza mwaka 1885. Upepo huzunguka ndani, hewa hutokea juu, unga hushuka. Shida ilikuwa mdomo wa chini: ukiachwa wazi, upepo hutoka na unga. Viwanda vikubwa huziba mdomo huo kwa vali ya mzunguko, yaani gurudumu la mapanga ndani ya gamba la chuma. Kila chumba hupokea unga juu na kuumwaga chini, hewa haipiti. Mapanga yakilika, inavuja.

Kwetu Mbwara gunia ndilo vali. Likiwa na tundu, au kamba ikilegea, unaopeperuka ni unga wako, na hela ya kusagia utalipa yote. Kagua kabla mashine haijawashwa. Likijaa, usifungue mpaka izimwe.

Ukifika kiwandani penye vali yenyewe, usiingize mkono. Huzunguka polepole, lakini hukata vidole.