Daftari la Mto Illinois

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara, lakini yafaa pia kwa mito. Mto ni mali ya watu wengi pamoja: mvuvi, mkulima, nahodha, na mama atekaye maji. Ukiharibika kidogo kidogo, kila kizazi huupokea kama ulivyo na kudhani kwamba ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Katika insha hii tutaona jinsi chuo kikuu kimoja cha Marekani kilivyouwekea mto daftari, na kwa nini daftari hilo lilifaa hata baada ya mto wenyewe kuharibiwa.

Mto Illinois una urefu wa kilomita 440 hivi. Huanza kusini-magharibi ya mji wa Chicago, mahali mito Des Plaines na Kankakee inapokutana, kisha huteremka polepole mpaka kuingia katika mto mkuu wa Mississippi. Nchi unamopita ni tambarare, na kwa hiyo hapo zamani kila majira ya kuchipua ulifurika na kujaza maziwa na vinamasi vilivyokuwa kando yake. Samaki walizaliana humo, na bata wa porini walishuka humo kwa makundi makubwa.

Mtu aliyebuni shauri la kuuchunguza mto huu aliitwa Stephen Alfred Forbes. Alizaliwa Illinois mwaka 1844. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, aliingia katika jeshi la wapanda farasi akiwa na umri wa miaka 17, na mwaka uliofuata akatekwa na adui na kutiwa kifungoni kwa miezi kadhaa. Baada ya vita alianza kujifunza uganga, akauacha, akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1872 alipewa kuangalia makumbusho ya chuo cha ualimu katika mji wa Normal, na huko akawafundisha walimu kuyatazama mambo ya asili kwa macho yao wenyewe badala ya kuyakariri vitabuni. Miaka kumi na kitu baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, katika mji wa Urbana.

Mwaka 1887 Forbes alitoa hotuba iliyopata sifa, akieleza kwamba ziwa ni kama dunia ndogo. Mtu hawezi kumjua samaki mmoja, alisema, asipojua pia wadudu anaowala, mimea inayowalisha wadudu hao, na maadui wanaomwinda samaki huyo. Leo jambo hili hufundishwa katika kila shule. Siku hizo lilikuwa geni.

Kutokana na wazo hilo ulizaliwa mpango wa kituo. Tayari vilikuwako vituo vya elimu ya viumbe vya baharini, kama kile cha Naples huko Italia kilichoanzishwa mwaka 1872, na kile cha Woods Hole huko Marekani kilichoanzishwa mwaka 1888. Lakini mto si bahari. Mto hupanda na kushuka, na maji yaliyopimwa leo kesho yatakuwa mbali. Kwa hiyo Forbes alitaka mahali ambapo watu wangekaa mwaka mzima, wakipima pale pale wakati wa mafuriko na wakati wa kiangazi, wakati wa joto na wakati wa barafu. Alichagua mji mdogo wa Havana, ambako mto ulizungukwa na maziwa na vinamasi vya kila namna, na kazi ikaanza mwaka 1894.

Maabara yenyewe haikujengwa juu ya nchi kavu, bali juu ya chombo kilichoelea mtoni. Toka mwaka 1895 mpaka 1900 msimamizi wake alikuwa Charles Kofoid. Huyu alishughulika hasa na planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha samaki. Wataalamu wengine walivikusanya kwa wavu wa hariri, lakini Kofoid aligundua kwamba vingi vilipenya katika matundu ya wavu na kupotea. Hivyo alitumia pampu kuvuta maji, akapata hesabu iliyo sahihi zaidi. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na sifa: kuchota, kuchuja, kuhesabu kwa hadubini, kuandika, na kurudia yale yale siku nyingine.

Lakini saa ilikuwa inakwenda. Mji wa Chicago ulikuwa ukimwaga maji yake machafu katika Ziwa Michigan, nako ndiko ulikoteka maji ya kunywa. Homa ya matumbo iliua watu wengi. Ili kuwaokoa wakazi wake, mji ulianza mwaka 1892 kuchimba mfereji wa kilomita 45 hivi, ambao ungeugeuza Mto Chicago uache kuingia ziwani na uelekee upande wa Mto Illinois. Mfereji ulifunguliwa Januari 1900. Chicago ilipata nafuu. Walio chini ya mto walipokea uchafu wake.

Mwezi uo huo Jimbo la Missouri lilishtaki, likidai kwamba uchafu huo ungefika katika Mississippi na kuwaua watu wa St. Louis. Mwaka 1906 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes: Missouri haikutoa ushahidi wa kutosha, na tena miji yake yenyewe ilimwaga uchafu katika mto ule ule. Tazameni basi uzito wa vipimo. Mbele ya mahakama, hofu peke yake haikutosha.

Kituo cha Havana hakikuweza kuuzuia mfereji. Hata hivyo, kwa kuwa hesabu za Kofoid zilitangulia kufunguliwa kwake, watu walijua mto ulivyokuwa kabla. Mwaka 1908 wavuvi walikuwa bado wakivua samaki wapatao pauni milioni 24. Ndipo Robert Richardson, aliyechunguza wanyama wa chini ya mto toka 1913 mpaka 1925, alipoonyesha jinsi uchafu ulivyozidi kuteremka: kome, konokono na wadudu wa maji safi walitoweka, na mahali pao wakashika minyoo ya matope. Wakati huo huo wakulima walijenga kuta za udongo, wakayakausha maziwa mengi yaliyokuwa kando ya mto. Forbes alikufa mwaka 1930, naye alikuwa ameyaona hayo yote.

Je, daftari lilikuwa bure? Hapana. Sheria ya maji safi ilipotungwa mwaka 1972, na mto ukaanza kupata nafuu, palikuwa na kumbukumbu za kulinganishia. Mwaka 2007, katika bonde la Emiquon karibu na Havana, shirika la kuhifadhi asili lilizima pampu zilizokuwa zikikausha mashamba, na maji yakarudi mahali palipokuwa ziwa. Chuo kikuu kikajenga hapo kituo kipya, ambako wanafunzi hujifunza ziwa likizaliwa upya.

Sisi Kenya tunayo mito yetu. Mto Nairobi huingia katika Athi, na Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, humwagika baharini karibu na Malindi. Anachotupa mtu wa Nairobi chaweza kumfikia mvuvi wa pwani. Yeyote atakayepanga kituo cha chuo kikuu kando ya mto kama huu, na ajifunze kwa Havana mambo matatu. Kwanza, aanze mapema, kabla ya madhara. Pili, apime mahali pale pale kwa miaka mingi, ingawa kazi haina sifa. Tatu, awalete wanafunzi wakaandike pamoja naye, kwa maana mto huishi kuliko mwandishi mmoja, na daftari lazima lipate mikono ya kulipokea.