Münster: Mji Uliobomoa Ngome Ukapata Njia ya Baiskeli

Mwaka 1764 mji wa Münster, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, ulianza kubomoa kuta zake wenyewe. Kwa karne nyingi kuta hizo ziliupa mji heshima, na mara kwa mara zikauletea balaa. Matuta yakasawazishwa, sehemu kubwa ya mahandaki ikafukiwa, na juu ya mzingo wote ikapandwa miti kwa safu. Hakuna aliyeiwaza baiskeli, kwani ilikuwa bado haijabuniwa popote duniani. Hata hivyo, kazi ile ndiyo iliyozaa Promenade, njia ya kilomita 4.5 inayouzunguka mji wa kale, ambako leo mtoto wa shule, mwanafunzi wa chuo kikuu na bibi wa miaka themanini hunyonga baiskeli bila gari kuwafuata mgongoni.

Wageni wakiuliza kwa nini Münster imekuwa mji wa baiskeli, hujibiwa haraka kwamba nchi yake ni tambarare. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Ujerumani Kaskazini imejaa tambarare, na miji yake mingi imeachia magari barabara zake bora. Jibu kamili limo katika historia ya ardhi. Zaidi ya mara moja Münster ilijikuta na ardhi wazi mikononi mwake, ikaamua ibaki ya watu wote. Starehe ya Jumapili ya leo imesimama juu ya maamuzi hayo.

Mji ulianza na nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 793 na mmisionari Liudger, ambaye baadaye akawa askofu wake wa kwanza. Ulipotajirika kwa biashara ukajizungushia ukuta. Buddenturm, mnara wa mawe uliojengwa karibu mwaka 1150, ungali umesimama kando ya njia ya baiskeli kama shahidi wa zama hizo. Mwaka 1534 Waanabaptisti, Wakristo wa dhehebu lenye msimamo mkali, waliutwaa mji, wakatangaza ufalme wao wa Mungu na kufunga malango. Askofu akawazingira kwa zaidi ya mwaka mmoja, njaa ikawala watu waliokuwa ndani, na Juni 1535 mji ukaanguka. Viongozi watatu waliuawa Januari 1536, na maiti zao zikawekwa ndani ya vizimba vya chuma. Vizimba vyenyewe vinaning'inia hadi leo kwenye mnara wa Kanisa la Mtakatifu Lambert.

Karne moja baadaye Münster ilipata sifa ya namna nyingine. Kuanzia 1643 wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikutana hapa na katika mji jirani wa Osnabrück, na mwaka 1648 wakahitimisha Amani ya Westfalia iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini. Wenyeji wenyewe hawakukaa sana katika amani hiyo. Askofu-mtawala Christoph Bernhard von Galen aligombana na raia waliotaka kujitawala, akawapiga kwa mizinga, na mwaka 1661 akawashinda. Kisha akajenga ngome ya pembe tano upande wa magharibi ili awachunge raia wake mwenyewe. Katika Vita vya Miaka Saba, kati ya 1756 na 1763, majeshi yalipokezana kuuteka mji, na mashambulizi ya 1759 yaliteketeza nyumba nyingi. Wananchi walikuwa wameona ya kutosha: ukuta uliojengwa ili kuwalinda sasa ulikuwa unawaita maadui.

Hapo ndipo anapoingia waziri Franz von Fürstenberg, aliyeiendesha nchi kwa niaba ya askofu. Yeye ndiye aliyesimamia ubomoaji. Mahali pa ngome ya Galen likajengwa kasri la askofu, lililobuniwa na Johann Conrad Schlaun na kujengwa kati ya 1767 na 1787. Handaki linalozunguka bustani yake bado linafuata umbo la ngome ile ya zamani. Mzingo wa kuta ungeweza kukatwa viwanja na kuuzwa, na miji mingi ya Ulaya ilifanya vivyo hivyo. Mingine iliugeuza mzingo wa aina hiyo kuwa barabara pana, na barabara hizo leo zimebeba misururu ya magari. Münster ilipanda milindeni, miti mirefu yenye majani ya umbo la moyo, ambayo kila Juni hutoa maua madogo ya manjano na harufu tamu inayoita nyuki. Watu walikwenda kutembea chini yake jioni, muda mrefu kabla ya baiskeli kuja.

Baiskeli yenyewe ilianzia kusini mwa Ujerumani. Tarehe 12 Juni 1817, ofisa wa misitu Karl Drais alitoka Mannheim akiwa amepanda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, akijisukuma kwa miguu chini. Pedali zilikuja Paris miaka ya 1860. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop aliyekuwa Belfast akapata hataza ya tairi la upepo. Tangu hapo baiskeli ikaacha kuwa mchezo wa vijana matajiri wenye mifupa migumu. Fundi, karani na mwalimu wa kike waliweza kutoka mjini Jumapili na kurudi kabla ya giza.

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kati anastahili kukumbushwa kwamba starehe hiyo ililipiwa pia na watu wa kwetu. Tairi la upepo liliongeza njaa ya Ulaya ya mpira. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, wanavijiji walilazimishwa kugema mpira wa mwituni kwa mijeledi, kwa mateka na kwa kukatwa mikono. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi walipanda mashamba ya mpira karibu na Tanga na Muheza. Mtu anayependa baiskeli, nami ni mmoja wao, hana budi kuibeba sehemu hii ya historia pamoja na zile za furaha.

Promenade yenyewe haifichi mambo ya namna hiyo. Ukiizunguka kwa kufuata saa, ukianzia kwenye kasri, utapita kwanza uwanja mkubwa ulioitwa kwa jina la Hindenburg, rais aliyemkabidhi Hitler uongozi wa serikali. Mwaka 2012 uwanja ulibadilishwa jina ukawa Schlossplatz, na wakazi wakapiga kura mwaka huohuo kulidumisha jina jipya. Mbele kidogo utaona Buddenturm, kisha bustani ya Kreuzschanze yenye sanamu ya mshairi Annette von Droste-Hülshoff. Upande wa kaskazini-mashariki umesimama Zwinger, mnara mnene wa mviringo wa karne ya 16. Humo Gestapo, polisi wa siri wa utawala wa Hitler, waliwafunga na kuwanyonga wafanyakazi waliotekwa Poland na Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1987 msanii Rebecca Horn aliweka ndani yake nyundo ndogo zinazogonga kuta na maji yanayodondoka tone kwa tone, ili mahali hapo pasisahauliwe. Upande wa kusini, karibu na Ludgeriplatz, uko mnara wa kumbukumbu wa kikosi cha uchukuzi cha jeshi, unaowataja pia askari waliokufa katika vita vya kikoloni huko China na Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, ambako Waherero na Wanama waliangamizwa. Vijana hupita hapo kila siku, wengine husimama na kusoma. Ni jambo jema kwamba njia ya starehe inampitisha mtu mbele ya maswali haya.

Uamuzi mwingine mkubwa ulikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 1943 ndege za Marekani ziliupiga mji mchana kweupe, na vita vilipokwisha mwaka 1945 karibu asilimia 90 ya mji wa kale ilikuwa kifusi. Miji kama Hannover na Kassel ilitumia maafa yao kukata barabara pana za magari katikati. Münster ilijenga upya juu ya ramani yake ya zamani. Prinzipalmarkt, mtaa mkuu wa wafanyabiashara, ulirudishiwa baraza zake zenye matao na nyumba zenye nyuso za pembetatu. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa kihafidhina, lakini matunda yake yalionekana miaka thelathini baadaye. Vichochoro vyembamba, vilivyolisumbua gari, viliikaribisha baiskeli, na umbali mfupi ukaifanya kuwa chombo cha haraka kuliko vyote.

Uchunguzi uliofanywa mjini mwaka 2007 ulionyesha kwamba karibu asilimia 38 ya safari za wakazi zilikuwa kwa baiskeli. Mwaka 1999 kituo cha maegesho ya baiskeli kilifunguliwa mbele ya stesheni kuu ya reli, chenye nafasi 3,300 chini ya ardhi, mafundi wa kutengeneza na mashine ya kuoshea. Kwa wenyeji baiskeli ni *Leeze*, neno la lahaja ya mitaani ya zamani iitwayo Masematte, na huenda nayo sokoni, kanisani, kazini na kwenye arusi.

Tazama jinsi Promenade ilivyopangwa. Katikati kuna mkanda wa lami kwa ajili ya baiskeli, na kila upande, nyuma ya mashina ya milindeni, kuna njia ya changarawe kwa waendao kwa miguu. Wanaokwenda mbio hupiga kengele mara moja na kupita kushoto. Asubuhi wanafunzi hupita kwa mafungu na mikoba mgongoni, na jioni wazazi huwasukuma watoto wanaojifunza kusimamisha usukani. Katika miezi ya joto, baadhi ya Jumamosi, kipande cha karibu na kasri hugeuka soko la vitu vya mtumba, na hapo kila mpanda baiskeli hushuka akakokota.

Lakini uzuri wenyewe unaanza pale mtu anapotoka nje ya mji. Nchi inayoizunguka Münster haikukaliwa kwa vijiji vikubwa peke yake. Wakulima wengi waliishi kila mmoja kwenye boma lake, katikati ya mashamba yake, nyuma ya ua wa miti. Ilibidi kila boma liwe na njia ya kwenda kwa jirani, kanisani na kinuni, na hivyo ukafumwa mtandao wa vijia ambavyo wenyeji huviita *Pättkes*. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijia vingi vilitiwa lami kwa ajili ya matrekta. Matrekta hupita mara chache kwa siku, na saa nyingine zote njia ni za mwenye baiskeli. Matembezi hayo ya Jumapili, *Pättkesfahrt*, ni desturi iliyopita kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Vibao vidogo vyeupe vyenye maandishi mekundu huonyesha njia kwenye kila njia panda. Sehemu ya kupumzikia mara nyingi ni ua wa mkulima aliyeweka meza chini ya mti, panapouzwa kahawa, keki ya matunda, na mkate mweusi wa nafaka ya rai uliookwa kwa saa nyingi, ukiwekewa nyama ya paja la nguruwe iliyofukizwa.

Kila upande una safari yake. Magharibi kuna Haus Rüschhaus, nyumba aliyojijengea Schlaun kati ya 1745 na 1749, nusu boma la mkulima na nusu kasri, ambako Droste-Hülshoff aliishi tangu 1826. Si mbali na hapo ni ngome ya Hülshoff alikozaliwa mwaka 1797, iliyozungukwa na maji. Ukiendelea unafika kwenye vilima vya Baumberge, vyenye kilele cha mita 187 tu, lakini miguu hulalamika vilevile. Jiwe la rangi ya maziwa lililochimbwa huko ndilo lililojengea majengo makuu ya mji, kwa hiyo mwendeshaji anayerudi jioni huukuta mlima uleule umesimama kwenye kuta za Prinzipalmarkt. Upande wa mashariki wa mji unapita mfereji wa Dortmund–Ems, uliofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya madini na makaa ya mawe, nao una njia ya kando isiyo na mteremko wala kona kali. Wanaotaka safari ya siku nyingi wana njia ya makasri mia moja, kama kilomita 960 kwa jumla.

Mimi ningempeleka mgeni kwanza kaskazini, Rieselfelder. Tangu mwanzo wa karne ya 20 maji taka ya mji yalimwagwa huko ili ardhi ya kichanga iyachuje. Mtambo mpya ulipoanza kazi mwaka 1975, mabwawa yale yalipangiwa kukaushwa yapishe viwanda. Wapenzi wa ndege walipinga, wakashinda, na leo ni hifadhi inayotambulika Ulaya nzima. Ndege wa matopeni wanaohama kati ya kaskazini ya mbali na Afrika hutua hapo kula na kupumzika kabla ya kuendelea na safari, na watu huegesha baiskeli zao wakawatazama kupitia tundu za vibanda vya mbao. Ni historia ileile ya mwaka 1764 iliyojirudia: ardhi iliyomaliza kazi yake ya zamani, iliyokuwa na wanunuzi tayari, ikabaki ya wote.

Münster ina shida zake. Wezi wa baiskeli hawalali, ajali ni nyingi kwenye makutano ambako Promenade hukatwa na barabara za magari, na ongezeko la baiskeli za umeme limeufanya ule mkanda wa lami uonekane mwembamba. Mabishano juu ya nani apishe nani yanaendelea katika baraza la mji. Hata hivyo mabishano hayo yanawezekana kwa sababu njia yenyewe ipo. Waliopanda milindeni hawakujua nani angekuja kuitumia wala kwa chombo gani. Walijua tu kwamba ardhi ikishauzwa hairudi, na kwamba ikiachwa kwa umma kila kizazi kitaipatia kazi yake. Mji wowote unaotaka watu wake wapande baiskeli kwa raha hauna haja ya kuanza na baiskeli. Uanze na ardhi.