Vali na Seva: Safari ya Sauti Hadi Kwenye Hedifoni

Amplifaya ya vali kwa ajili ya hedifoni huchukua umeme dhaifu wa sauti, huukuza ndani ya vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, kisha huupeleka masikioni. Seva ya muziki ya nyumbani ni kompyuta inayotunza rekodi zote za mwenye nyumba kwenye diski na kuzitoa anapozitaka. Chombo cha kwanza kilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, cha pili mwanzoni mwa karne ya 21. Siku hizi hukaa meza moja, na mapenzi ya vitu vya kale hayatoshi kueleza ujirani huo. Sababu kubwa zaidi imo ndani ya hedifoni yenyewe, kwa kuwa ni spika inayoridhika na nguvu kidogo mno.

Mwaka 1904, John Ambrose Fleming alitengeneza London vali ya kwanza, yenye kathodi na anodi tu, iliyopitisha umeme upande mmoja. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest alitia kati yake waya wa tatu, yaani gridi. Badiliko hilo dogo ndilo lililozaa elektroniki. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volti nyingi. Volti ya gridi ikipanda au kushuka hata kidogo, wingi wa elektroni zinazopita hubadilika sana, na hivyo sauti hafifu hutoka ikiwa na nguvu. De Forest mwenyewe aliamini kwamba gesi iliyobaki ndani ya kichupa ilihitajika. Wataalamu wa kampuni ya simu ya AT&T, iliyonunua haki za kifaa hicho, waligundua kwamba kinafanya kazi vizuri zaidi hewa ikiondolewa kabisa. Mwaka 1915 vali zao zilivusha mazungumzo ya simu kutoka New York hadi San Francisco.

Hedifoni nazo zilikuwa zimeanza safari yake. Mnamo 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah alizitengeneza jikoni kwake na kulipelekea Jeshi la Majini la Marekani, likazinunua. Kwa miaka mingi zilibaki zana za kazi za wapokea simu, mabaharia na mafundi wa redio. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alionyesha hedifoni za stirio zilizokusudiwa muziki. Kuanzia hapo mtu aliweza kusikiliza okestra nzima usiku wa manane bila kuwaamsha wenzake.

Bahati mbaya, wakati huo vali zilikuwa zinaondoka. Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell mwaka 1947, ilikuwa ndogo, haikuhitaji kupashwa moto na ilidumu. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilitawala vyombo vya nyumbani, na viwanda vya vali vya Magharibi vikafungwa kimoja baada ya kingine. Hedifoni zilidhulumika katika mabadiliko hayo. Mara nyingi tundu lake kwenye amplifaya liliunganishwa tu na njia ya spika kupitia vikinza viwili, bila saketi yake lenyewe. Hata hivyo Urusi, China na Chekoslovakia ziliendelea kutengeneza vali.

Uhai mpya wa vali kwenye hedifoni una maelezo ya kifundi. Spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4 hadi 8, wakati vali nyingi zina ukinzani wa ndani wa maelfu ya omu. Kuzioanisha huhitaji transfoma ya chuma na shaba, ambayo ni nzito, ghali, na mara nyingi ndiyo inayopunguza ubora wa sauti. Hedifoni za omu 300 au 600 hufanya kazi bila transfoma hiyo. Zinatosheka na miliwati chache, na ukinzani wake unaelewana na vali zinazofaa.

Mfano mzuri ni vali ya 6080, ndugu wa 6AS7. Iliundwa ili kutuliza volti ndani ya vyombo vya kijeshi na vya maabara, na muziki haukuwamo katika hesabu. Lakini ukinzani wake wa ndani ni takriban omu 280, mdogo kuliko wa vali nyingi, kwa hiyo mafundi waliichukua kuendesha hedifoni moja kwa moja. Bottlehead Crack, amplifaya inayouzwa vipandevipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe kwa risasi, huitumia pamoja na vali ndogo ya 12AU7. Kupasha moto kathodi za 6080 hula volti 6.3 na ampea 2.5, karibu wati 16, ili masikio yapate sehemu ndogo ya wati moja. Kwa vipimo, transista nzuri hupotosha sauti kwa kiasi kidogo kuliko vali. Vali huongeza hasa mawimbi yaliyo oktava moja juu ya noti iliyopigwa, na wasikilizaji wengi huuona utamu wake hapo.

Upande wa rekodi, CD ilitoka mwaka 1982 ikiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Saa moja ya stirio ilihitaji takriban megabaiti 635, mzigo mkubwa kwa diski za enzi hizo. Muundo wa faili wa MP3 ulipunguza mzigo kwa kutupa sehemu ya sauti. FLAC, muundo mwingine uliokamilika mwaka 2001 kwa kazi ya Josh Coalson, uliupunguza hadi karibu nusu bila kupoteza hata biti moja. Huo ndio msingi halisi wa seva ya nyumbani, kwa kuwa mtu alinakili CD zake mara moja tu, kwa ukamilifu.

Mwaka huohuo wa 2001 kampuni ya Slim Devices ya California ilitoa SliMP3, kisanduku kilichovuta muziki kutoka kompyuta kupitia waya wa mtandao. Kioo chake cha maandishi kilikuwa chombo kisicho na hewa chenye waya wa moto, ukoo uleule wa vali. Squeezebox ilifuata mwaka 2003, bila waya. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006 na kuacha kutengeneza vifaa hivyo mwaka 2012, mwaka ambao Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, iliingia sokoni na kuwa seva ya wengi. Programu ya seva ya Slim Devices ilikuwa wazi kwa yeyote kuirekebisha, kwa hiyo wanaojitolea waliiendeleza. Huduma ya mtandaoni ya Squeezebox ilipofungwa mwaka 2024, programu ilipewa jina la Lyrion Music Server, na muziki uliomo kwenye diski za nyumbani ukaendelea kuchezwa kama kawaida.