Parsele Ni Yako, Madini Ni ya Leta

Huku Kasungami mtu akimaliza kulipa parsele anasema: "Sasa niko kwangu." Lakini je, shaba iliyo chini ya nyumba ni ya nani? Swali hili ni la zamani.

Mwaka 1900 Wabelgiji waliunda Comité Spécial du Katanga, ikaanza kugawa udongo na ruhusa za kuchimba. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière. Wenyeji hawakuulizwa.

Kisha uhuru, sheria ya Bakajika ya Juni 7, 1966 ilirudisha kwa Leta udongo na madini waliyogawa wakoloni. Sheria ya Julai 20, 1973 ikasema udongo wote ni wa Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia tu. Kodi ya madini ya 2002 ikakaza: haki ya madini ni mbali na haki ya parsele.

Kasulo, kule Kolwezi, waliona maana yake. Mwaka 2014 mukaaji mumoja alichimba kwake akakuta kobalti. Watu wakatoboa mashimo hadi ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni, familia zikahamishwa.

Ninyi muliohamishwa munajua uchungu huo. Lakini sheria hiyohiyo inadai mwenye kuondolewa alipwe fidia. Kwa hiyo tunza karatasi ya parsele, risiti, na picha za nyumba na miti yako. Madini si yako, lakini jasho lako ni lako.