Taurini na Paka Anayenyonyesha

Kwa karne nyingi paka aliyezaa alijilisha kwa panya, ndege na mabaki ya samaki. Humo alipata taurini, kirutubishi ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza vya kutosha. Vyakula vya viwandani vilipoenea katika karne ya 20, upungufu wa taurini ulijitokeza. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa paka wanaoikosa huharibika retina. La kusikitisha zaidi lilielezwa mwaka 1986 na mtafiti John Sturman na wenzake: paka mama mwenye upungufu aliharibu mimba au kuzaa watoto wafu, waliosalia walidumaa, miguu ya nyuma ikiwa na kasoro, na maziwa yake yalikuwa na taurini kidogo. Mwaka 1987 mtafiti Paul Pion aliuhusisha upungufu huo na ugonjwa wa moyo, ndipo watengenezaji wakaongeza taurini vyakulani.